Sabuni Chini ya Mabati

Mwanangu Odhiambo,

Salamu ndefu za barua nitaziruka, maana uko chumba cha pili na ninakusikia ukipiga pasi mashati yako huku ukiimba kwa sauti mbaya uliyoirithi kwangu. Natumai u mzima. Kama si mzima basi umejificha vizuri, kwa sababu mchana nimekuona ukimaliza ugali ambao ungetosha wageni.

Usishangae mwandiko. Mkono wa kulia bado umelala, na huu wa kushoto ndiyo kwanza umeandikishwa shule. Nilianza barua hii Jumapili, nikawa naongeza kidogo kila ulipotoka, na leo namalizia. Wale watoto wa darasa la pili niliokuwa nikiwasumbua kwa ajili ya mwandiko wakiiona hii, watacheka mpaka wakae chini. Na ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii. Mama yako alikuwa Mkuria wa karibu na Isebania, mimi Mjaluo wa Lambwe, tukakutana hapo katikati na hatukuwahi kuhama. Ningeandika kwa lugha nyingine ningeona kama nimemfungia nje, na hali hayupo tena wa kubisha.

Kesho unaondoka kwenda Migori kuanza kazi. Sitakuambia ule vizuri au uchague marafiki. Hayo unayajua, na usipoyajua shangazi zako watakukumbusha kwa simu mpaka uzime. Nataka tuzungumze jambo moja tu, lile ulilolisema wiki iliyopita tukinywa chai. Ulisema, "Baba, naweza kuwaambia waningojee kidogo. Hata wakikataa, nafasi zingine zitakuja. Sasa mimi nikienda, nani atakuogesha?" Nikakujibu kwa ukali kwamba mimi si mtoto mchanga. Ukachukua vikombe ukaenda kuviosha. Tangu siku hiyo nakuona ukipanga sanduku na kulipangua. Juzi mashati yote yalikuwa yamerudi kabatini. Najua hata sasa, na pasi ikiwa mkononi, bado hujaamua.

Basi nisome mpaka mwisho, halafu uamue.

Unajua kwamba ulipoingia chuo cha uuguzi nilikuwa nikiwaambia watu unasomea udaktari? Mzee Ogutu, jirani yetu, ambaye hawezi kuacha jambo lipite, aliniuliza, "Daktari wa nini?" Nikamwambia, "Wa mambo yote kwa jumla." Niliona haya kusema mwanangu wa kiume ni nesi. Sasa haya hiyo imekwisha kabisa, na pengine imepitiliza, kwa maana hata asiyeniuliza namwambia. Juzi nilimwambia kijana aliyekuja kuuza kuku. Alitaka kujua tu kama tunanunua.

Nikupeleke nyuma kidogo, kwenye siku niliyoruhusiwa kutoka hospitali. Wewe hukuwepo. Ulikuwa kwenye mitihani yako ya mwisho, na mimi ndiye niliyewakataza wasikuambie hali yangu. Kiharusi kilikuwa kimenikuta kwa uzembe wangu. Nilikuwa na dawa za presha, nikaziacha kwa sababu nilijisikia vizuri, na nikaendelea kujisikia vizuri mpaka asubuhi ile niliyoanguka karibu na banda la ng'ombe. Wodini walinihudumia kwa moyo. Ilipofika siku ya kwenda nyumbani, sista mmoja alivuta kiti akakaa nasi kutufundisha. Alikuwa mtu wa pwani. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, laini, kila neno limekaa mahali pake, na mimi mwalimu mzima wa Kiswahili nikawa nasikiliza lugha, nikasahau kusikiliza maana. Mpaka leo naweza kukuambia jinsi alivyotamka "taratibu", lakini alichosema kifanywe taratibu sikumbuki.

Aliyekuwa ameketi kando ya kitanda changu ni Nyar Sori, mke wa kaka yako Okoth. Okoth alikuwa kazini Isebania na malori yake, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuja kunichukua. Sista akamwona mwanamke kijana, mwenye nguvu, mpole, tena anakaa boma moja nami. Angefikiri nini kingine? Akamgeukia yeye.

"Mama, utamgeuza kila baada ya muda, hivi, asikae upande mmoja. Wakati wa kuoga utamwegemeza kwako, umwoshe vizuri hapa na hapa, kisha umkaushe. Sawa, mama?"

Nyar Sori akaangalia sakafu. "Sawa, sista."

"Na wewe, mzee wangu, umeelewa?"

"Nimeelewa kabisa," nikasema.

Odhiambo, kwetu mke wa mwana haingii hata chumba anacholala baba mkwe wake, seuze kumvua nguo na kumwegemeza kifuani. Nyar Sori alijua. Mimi nilijua. Tulijua pale pale, sista akiwa bado anazungumza, kwamba hakuna hata moja katika hayo litakalofanyika. Na sote wawili tukasema ndiyo. Ningesema nini? Ningeanza kumweleza mwanamke mgeni habari za mwili wangu mbele ya mke wa mwanangu? Afadhali kiharusi cha pili. Naye angesema nini? "Sista, huyu siwezi kumgusa," mbele yangu, kama kwamba ananikataa? Kwa heshima tuliyonayo sisi kwa sisi, tukamdanganya mtu aliyetutakia mema, tukapanda gari tukaja nyumbani.

Yaliyofuata uliyaona mwisho wake tu. Nyar Sori hakukosea kitu ambacho mila ilimruhusu. Uji ulikuja kwa wakati. Maji ya moto aliyaleta mpaka mlango wa bafu, akakohoa kunijulisha, akaenda zake. Mimi nilibaki nimekaa kitandani nikiyasikiliza yanapoa. Nikinyanyuka kwa kujikokota, nilinawa uso, nikamwaga yaliyobaki ili ionekane yametumika. Alijua sijaoga. Nilijua kwamba anajua. Asubuhi tukisalimiana kila mmoja alikuwa anaangalia pengine. Okoth alipokuja mwisho wa mwezi aliniosha kwa haraka jinsi anavyoosha lori, kisha akarudi kazini. Wakati huo nilikuwa nimeshakaa upande mmoja mpaka nyonga ikachubuka, na machubuko yakawa kidonda.

Hapo ndipo ulipomaliza mitihani ukaja. Nilikuwa nimekuandalia hotuba nzima ya kukukaribisha. Wewe ukaingia chumbani, ukanusa, ukafunua shuka, ukaona. Nilisubiri ukasirike. Nilitaka ukasirike, maana ningeweza kukukasirikia nami, tukamaliza. Wewe ulichemsha maji, ukanisafisha, ukakifunga kile kidonda, halafu ukatoka kwenda jikoni kwa shemeji yako. Madirisha ya nyumba hii yako wazi, nami masikio hayakupooza.

"Shem, si walikufundisha hospitalini?"

"Walinifundisha. Kila kitu."

"Na wewe uliona utaweza?"

Nikamsikia akilia. "Odhiambo, yule ni baba mkwe wangu. Ningemshika wapi? Na ningesema aje mbele yake?"

"Hukukosa, shem," ukamwambia. "Ni swali la hospitali ndio lilikosewa. Wacha tuangalie kile unaweza."

Kisha ukarudi kwangu, ukaniuliza mimi peke yangu, mlango ukiwa umefungwa, kwa nini sikusema. Nikakujibu, "Ningesemaje mbele yake?" Ukacheka. Mimi nilidhani unanicheka mimi. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba mimi na Nyar Sori tulikuwa tumekupa jibu moja, tukiwa vyumba tofauti. Siku ile, mwanangu, nilijivunia kuwa baba yako kuliko siku uliyozaliwa, na siku uliyozaliwa nilichinja mbuzi.

Ningetegemea umshurutishe. Umesoma, una vyeti, ungeweza kumwambia kwamba mambo ya mila yamepitwa na wakati na hospitali imesema. Hukufanya hivyo. Ulikaa na shemeji yako mkatenganisha kazi: maji, sabuni, nguo safi, dawa mezani pamoja na chai, kuangalia kama ninaongea sawasawa na kama uso umepinda, hayo ni yake. Kumpigia nani simu nikibadilika, hilo pia lake. Kidonda ni chako mpaka kipone. Na kuoga kukawa kwangu.

Kwangu! Nilidhani unatania. Ulimleta fundi akachimbia nguzo ya mkaratusi ndani ya bafu ili nishike, akakwaruza sakafu isiteleze. Ukaweka kiti. Nyar Sori akashona mfuko wa taulo wa kuvaa mkononi kama glavu, ili sponji isinitoroke. Halafu ukaanza kunifundisha kuvua shati: mkono mzima utangulie kutoka, uliolala umalizie. Kuvaa, uliolala utangulie. Nilikutupia ile glavu siku ya pili. Ilikupata shavuni, ikiwa imelowa. Ukaiokota, ukaikamua, ukanirudishia.

"Sasa nionyeshe, Baba."

"Nimekwisha kuambia nimeelewa."

"Sijauliza kama umeelewa. Nimesema unionyeshe."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu nyingine ambayo sikukuambia. Maisha yangu yote ya ualimu nilisimama mbele ya darasa nikauliza, "Mmeelewa?" Nao wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimuuu!" Nami nikafuta ubao. Waliofeli niliwaita wavivu. Ilibidi nipooze upande mmoja, nikae uchi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mwanangu mwenyewe, ndipo nikajua kwamba "ndiyo" ni neno ambalo mtu hulitoa ili aachwe. Nawafikiria wale watoto. Wengine sasa wana wajukuu.

Basi nikakuonyesha. Vibaya, kisha vibaya kidogo, kisha hivi hivi. Wewe ulisimama nje ya mlango, na kila siku ulisogea mbali zaidi. Ulimweka Nyar Sori upande wa pili wa mabati ya ukuta wa bafu, karibu na jiko lake, akiendelea na kazi zake. Mkakubaliana kwamba nikigonga mabati niko salama, nikinyamaza sana aniite, na nisipoitika amkimbilie Mzee Ogutu, kwa sababu yeye ni mwanamume na anaruhusiwa kuingia, na tena angefurahi kupata habari ya kusimulia. Ulifikiria mpaka umbea wa jirani ukaupa kazi.

Sasa nifike mahali nilipokuwa naelekea. Unakumbuka siku ile ulipokwenda Homa Bay kushughulikia karatasi zako, mvua ikanyesha, ukalala kwa rafiki? Uliporudi kesho yake ulinikuta kwenye kibaraza nimevaa shati la bluu, nywele zimelowa. Ukauliza, "Okoth alikuja?" Nikaguna. Ukachukua ile kuguna kuwa ndiyo, ukaenda kubadilisha viatu. Okoth hakuja.

Asubuhi ile Nyar Sori alileta maji, akakohoa, akasimama. Hakuondoka. Akasema kutoka nje, "Baba, leo Odhiambo hayuko. Tungoje arudi?" Nilitaka kusema tungoje. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini nilikufikiria wewe na zile karatasi ulizozifuata, nikamwambia, "Peleka maji bafuni."

Nilifika. Nikavua, mkono mzima kwanza. Nikajipaka sabuni kichwani na usoni, maana napenda kuanza juu. Hapo ndipo sabuni iliponiponyoka ikaanguka chini, upande uliolala. Nikanyoosha mkono kuifuata, kiti kikasogea. Odhiambo, niliogopa. Nasema wazi. Povu lilikuwa machoni, sioni, kiti kimeinuka mguu mmoja, na mbele yangu sakafu. Niliikamata nguzo, nikajirudisha taratibu, nikakaa nikihema. Nilisahau kugonga.

"Baba?" Sauti yake ilikuwa karibu sana na mabati. "Baba, uko sawa?"

"Sabuni imeanguka."

"Usiiname! Odhiambo alisema kitu ikianguka usiiname!"

"Sijainama," nikasema. Uongo mdogo huo.

"Ngoja basi. Ngoja." Nikasikia akikimbia, akirudi. "Nikirusha hapa juu itakugonga kichwa."

"Usirushe."

Kisha nikasikia kitu kinakwaruza chini, pale maji yanapotokea. Nikajifuta jicho moja. Mwiko ulikuwa unaingia chini ya mabati, polepole, ukisukuma kipande cha sabuni mpya, nacho kinakuja kama mgeni asiyejua mlango ni upi. Ukakifikisha karibu na mguu wangu mzima. Nikakivuta kwa kisigino, nikakipandisha kwa vidole vya mguu mpaka mkono ukakifikia.

"Nyar Sori, huo ni mwiko wa ugali?"

"Ni ule wa zamani, Baba. Ule ulivunjika."

Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi. Nilicheka mpaka povu likaniingia mdomoni, naye nje akacheka mpaka akakaa chini, nikasikia mgongo wake ukigusa mabati. Tangu aolewe katika boma hili, mwanamke yule hajawahi kucheka mbele yangu bila kufunika mdomo. Siku ile tulicheka pamoja, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyemwona mwenzake wala aliyevunja mila. Kisha nikasuuza, nikajikausha, nikavaa, uliolala kwanza. Vifungo vilinichukua asubuhi nzima. Lakini vilifungika, na lile shati la bluu uliliona mwenyewe.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka niwe na uhakika kwamba haikuwa bahati. Kwa hiyo tumeendelea. Kila ulipotoka alfajiri kwenda shambani au kituo cha afya kunichukulia dawa, tumeoga, mimi na mabati na Nyar Sori. Ulipokuwa unarudi na kusema, "Baba, twende tuoge," nilikuwa naoga mara ya pili ili nisikuvunje moyo. Ngozi yangu imechoka na usafi, Odhiambo. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya wewe kuondoka.

Kule Migori utakaa kando ya vitanda. Watakuja wavuvi wa Sori, Wakuria wenye ng'ombe zao, wafanyabiashara wa mpakani ambao wakiruhusiwa watavuka kulala Sirare jioni hiyo hiyo. Kila mmoja atakuwa na mtu wake pembeni, na mtu huyo ataangalia sakafu. Sina la kukufundisha hapo. Nilitaka tu ujue kwamba mgonjwa wako wa kwanza anakushuhudia. Ukimtenga yule mke wa mwana, au mama mkwe, au mjomba, ukamuuliza peke yake ni nini hakiwezekani nyumbani kwao, usione kwamba unapoteza muda wa wodi. Wakubwa wako wakikuambia uharakishe, waambie una mzee huko Lambwe. Na siku utakapomkosea mtu, kwa maana utamkosea, mrudie. Mimi sikumrudia yeyote katika wale watoto, na sasa siwajui hata wanakoishi.

Namfikiria pia yule sista wa pwani. Hakuna aliyemrudishia habari. Pengine bado anawafundisha wake wa wana namna ya kuwaegemeza baba wakwe zao, nao wanamwambia sawa. Ukimpata mtu wa kumfikishia salamu, mwambie mzee mmoja alidanganya, na kwamba Kiswahili chake ni kizuri sana.

Sasa pasi imenyamaza. Naona unakunja. Ukimaliza kukunja, tafadhali weka ndani ya sanduku, si kabatini.

Nimejaa fahari mpaka inanikera, kwa sababu machozi ya mtu aliyepooza hutoka jicho moja kabla ya lingine, na watu hudhani ni vumbi. Si vumbi. Mama yako angekuwepo angekufunga kitambaa chake shingoni na kukuimbia mbele ya majirani, nawe ungeona haya. Mimi nitasimama tu pale langoni na fimbo yangu. Usigeuke mara nyingi, utaanguka mtaroni na sina mkono wa kukuvuta.

Ukifika, nipigie simu uniambie umefika. Siku zingine piga jioni. Asubuhi usinipigie, mwanangu. Asubuhi nitakuwa naoga, na mkono unaofanya kazi ni mmoja.

Baba yako,
aliyeelewa, na akaonyesha.